Paka Aliyekuwa na Haraka

Mama yangu aliwahi kuwa mchezaji bora wa gemu Maganzo nzima. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Waulize wachekechaji wa almasi wa miaka ile, wale waliobaki, watakwambia wenyewe, ingawa watainamisha vichwa kidogo. Alikuwa mwanamke wa mwili, ushungi kichwani, kanga kiunoni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya TV ya chogo, na wanaume waliotoka mashimoni na vumbi kwenye nyusi wakipanga foleni ili washindwe naye.

Baba alikuwa Msukuma wa Songwa, mchimbaji kama wengine. Alipofariki nilikuwa darasa la pili, na mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Mama alizaliwa Shinyanga mjini, kwenye ukoo wa Waislamu wenye maduka ya vitambaa, na kila mtu alitegemea arudi kwao. Au basi, akibaki, akaange kitu, maana mjane wa Maganzo alitarajiwa kukaanga kitu. Yeye akauza cherehani yake na vitenge vyake vya harusi, akapanda gari kwenda Mwanza, akarudi na jenereta iliyokwisha kutumika, TV, na mashine ya gemu, ile ya kuiga iliyokuwa ikichomekwa kaseti za njano juu yake. Shangazi zangu walilia kama tumefiwa mara ya pili.

Lakini mama alikuwa ameona kitu. Mtu aliyechekecha mchanga kutwa nzima, jua likimchapa mgongoni, akitafuta jiwe la ukubwa wa punje ya mtama, jioni anataka kukaa kivulini na kugombana na kitu kisichoweza kumjibu. Kibanda chetu cha mabati kando ya barabara kikajaa kuanzia wiki ya kwanza. Mabroka wa almasi wenye kalamu mfukoni walikaa benchi moja na watu wasio na viatu, na wote wakatukanwa na mama kwa usawa wakimwaga maji ya kunywa karibu na waya.

Kaseti zilikuwa nyingi, ila iliyochezwa ilikuwa moja tu, gemu la paka. Jina lake halisi liliandikwa kwa maandishi ya kigeni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na hakuna aliyejali. Paka anakimbia juu ya mapaa ya nyumba. Anakimbia mwenyewe, humwongozi wala humzuii. Kazi yako ni kubonyeza kitufe cha kulia kwa dole gumba ili aruke: aruke mapengo kati ya paa na paa, aruke mbwa, aruke mabomba ya moshi. Ukiwahi, anaanguka. Ukichelewa, anaanguka. Na wakati wote kuna muziki unaozunguka, uleule, mpaka unauota.

Sasa, wachekechaji hawawezi kusikia muziki wakauacha uende bila maneno. Chekeche ina mwendo wake, viganja vinazunguka, mchanga unalia, na kazi isiyo na wimbo huchosha mara mbili. Sijui nani alianza, lakini kabla ya mvua za mwaka ule muziki wa paka ulikuwa na maneno, na ulikuwa umeshatoka kibandani kwetu ukaenda kuimbwa mashimoni:

*Chekecha mayu, chekecha,*
*mchanga nenda, jiwe baki,*
*la jirani na lipite,*
*la kwangu lisichoke njiani.*

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo walivyomwita mama yangu, ingawa Kisukuma chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Wimbo ulipokwisha kuzoeleka mashimoni ulirudi kibandani na kazi mpya. Hakuna aliyetazama mapengo tena. Watu waliruka kwa maneno. Pengo la kwanza liko kwenye "mayu," mbwa wa kwanza kwenye "baki," na lile pengo kubwa la paa la mwisho, lililoua watu wazima wakalia, liko kwenye "njiani." Ukifika "njiani," bonyeza. Hata mgeni akija kutoka Mwadui au Kishapu, kabla ya kushika rimoti (ndivyo tulivyokiita kile kidude cha mkononi) alifundishwa kuimba kwanza.

Mama aliimba kuliko wote. Kila asubuhi kabla ya kufungua alijaribu rimoti zote, moja baada ya nyingine, akiimba kwa sauti ya chini huku chai ikichemka, na paka akivuka mapaa yote kama anayekwenda sokoni kununua chumvi. Mimi na mdogo wangu tulisoma kwa huyo paka. Sare, madaftari, nauli ya kwenda bweni, mpaka chuo cha ualimu, vyote vilitoka kwa paka. Watu wengine husema wamesoma kwa pamba au kwa ng'ombe, na husema kwa fahari. Mimi pia nasema kwa fahari, ila inabidi nieleze zaidi.

Leo nafundisha hisabati sekondari, Geita. Kibanda kilikufa kifo cha kawaida pale simu za kupangusa zilipoingia, mama akakifunga bila kinyongo, akahamia Nyahanga, Kahama, kwa mdogo wangu. Mdogo wangu anafanya kazi mgodini kwa zamu, wiki nzima haonekani, kwa hiyo nyumbani ni mama na wifi yangu. Huyo wifi nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Siku mama alipoanguka uani akiwa anaanua nguo, wifi hakupiga kelele wala hakusubiri mtu wa kumshauri. Alisimamisha bajaji, akamkumbatia mama kama gunia la mpunga, akafika naye hospitali kabla jirani hajamaliza kusema "labda ni malaria."

Kilikuwa kiharusi. Mungu mkubwa, maneno yalirudi. Mguu ukarudi, kwa fimbo. Mkono wa kulia ndio uliobaki kitandani. Unasogea, lakini vidole vinaitika kwa kuchelewa, kama mtoto aliyeitwa akateke maji. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alitueleza bila kuzunguka kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo mkono unajifunza upya, na mgonjwa akiuacha, unasahau. Akatupa mpira laini wa kubinya.

"Nimelea watoto kwa jenereta," mama alisema tulipofika nyumbani, "leo nibinye mpira kama mtoto anayeota meno?"

Wifi akambembeleza. Mimi nikafoka. Mama akatusikiliza wote wawili kwa heshima, na kesho yake mpira tukaukuta kwenye ndoo ya mkaa. Kila Jumamosi nilipotoka Geita nikafika pale, nikisema shikamoo, anaitika marahaba kwa kinywa kizima, nami naangalia mkono. Ulikuwa umelala mapajani, umefunikwa na ncha ya kanga. Alikuwa ameanza kuuficha hata mbele yangu.

Siku moja, chumba cha walimu, wakati wa chai, nikaona kwenye simu kwamba kuna makampuni yanafufua mashine za gemu za zamani kwa umbo dogo. Mashine nzima inatosha kiganjani, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na gemu zote zimo ndani tayari, huchomeki kaseti yoyote. Nikapitisha kidole kwenye picha za gemu zilizomo. Paka, juu ya paa, mkia umesimama. Nilipiga kelele mpaka mwalimu wa jiografia akamwaga chai yake.

Niliagiza kwa muuzaji wa Dar es Salaam, ikaja na basi mpaka Kahama. Tuliifungua sebuleni, mimi, wifi na mama. Wachina, au sijui akina nani, wametengeneza kitu kizuri hivyo wakasahau kuweka kichwa cha chaji kwenye boksi. Tukatumia cha simu ya wifi. Waya wa rimoti nao ulikuwa mfupi kama kamba ya mbuzi mkorofi. Ilibidi tumtoe mama kwenye sofa, tukamweka kwenye kiti cha plastiki, magoti yake yakakaribia kugusa meza ya TV.

"Ndiyo huyu?" aliuliza paka alipotokea. "Amenenepa."

Hakunenepa, TV ndiyo pana. Lakini alitoa mkono wa kulia chini ya kanga bila kuombwa. Kushoto kulishika, kulia kukasaidiwa na wifi kuweka dole gumba juu ya kitufe. Niliuona uso wake. Tangu aanguke sikuwa nimeuona uso ule, uso wa mtu anayekaribia kukutukana kwa mapenzi.

Paka akaanza kukimbia, akafika pengo la kwanza, akaanguka. Akaanza tena, akaanguka palepale. Mama akaniambia nipunguze sauti ya TV, muziki unamchanganya. Nikaizima kabisa. Wifi akanitupia jicho, na najua tulifikiri jambo moja: kichwa chake hakijapona kama tulivyodhani, hakivumilii kelele. Akacheza kimya, midomo ikitembea. Paka akaanguka tena. Mara hii alimaliza kubonyeza wakati paka ameshapotea chini, na dole gumba likabaki limekandamiza kitufe kwa muda, halijui kwamba kazi imekwisha.

"Basi," alisema. Akaurudisha mkono chini ya kanga.

Nina hasira za karibu, kila anayenifahamu anajua. Usiku ule sikumkasirikia mama, nilimkasirikia paka. Kabla ya kulala nikaanza kusoma kwenye simu watu wanavyozungumza kuhusu hizi mashine ndogo, na nikagundua kwamba nilikuwa nimenunua mwigizaji. Ndani ya kile kipande cha sabuni hakuna mashine ya zamani. Kuna kompyuta ndogo ambayo imefundishwa kujifanya mashine ya zamani, amri kwa amri, sauti kwa sauti, na kujifanya huko kunahitaji akili na muda. Halafu TV hizi bapa za siku hizi hazionyeshi picha mpaka ziipambe kwanza, ziilainishe, ziing'arishe kama bibi harusi. Chogo letu halikuwa na mapambo, lilipokea picha na kuimwaga hapohapo. Kwa hiyo mama alikuwa anamwona paka mahali ambapo paka alikwishapita. Mtu mzima mwenye mkono mzima anaweza kuzoea. Mtu ambaye dole lake lenyewe linachelewa, anacheleweshwa mara mbili.

Asubuhi nilichukua rimoti ya TV, nikatafuta kwenye mipangilio mpaka nikaona sehemu ya gemu, ile inayozuia TV isipambe kitu. Nilimweleza mama kwa mifano yote niliyonayo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo TV ndiyo mgonjwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Tuone."

Na kweli, alivuka pengo la kwanza. Wifi alipiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakaitika. Akamruka mbwa. Akavuka paa la tatu kwa kubahatisha, ukucha wa paka ukigusa ukingo. Kisha likaja pengo kubwa, na paka akaanguka mbali kabisa na ukingo, hata si kwa kukosa kidogo. Akarudia, ikawa vilevile. Mwanzoni anavuka, kadiri anavyoendelea anazidi kuchelewa, mwisho anaanguka. Alirudia asubuhi nzima. Sauti ilikuwa imezimwa muda wote, kama alivyotaka.

Kabla ya adhuhuri akaweka rimoti juu ya meza, taratibu, kwa mkono wa kushoto.

"Mwanangu, TV umeshaitengeneza," alisema. "Kilichobaki kibovu ni mimi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Mimi nilikuwa najua huyu paka anaruka wapi nikiwa nimefumba macho. Sasa nimeyafumbua na sijui. Mtaalamu wenu asisumbuke kuja. Mkimaliza kuvuna mnipeleke Songwa nikakae na shangazi yenu. Kule hakuna anayenidai vidole."

Alisema bila kulia, ndiyo maana niliogopa. Mama hakuwahi kupenda kukaa Songwa hata siku moja, alisema kule hata kuku wanalala saa kumi na mbili. Nilielewa kwamba hakuwa anazungumzia Songwa. Alikuwa anatafuta mahali pa kuuweka ule mkono na kuacha kuusumbua. Na nilikumbuka maneno ya hospitali kuhusu miezi ya mwanzo, ambayo ilikuwa inakwisha tukiwa tunaitazama. Wifi alitoka nje, nikajua amekwenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Kilichotuokoa kilikuwa michembe. Wifi alikuwa ameanika viazi vitamu vilivyokatwa, ikabidi vichambuliwe, vile vilivyoota ukungu vitolewe. Alivileta ndani kwenye ungo, akauweka mapajani mwa mama, si kwa mazoezi bali kwa kuwa mama hapendi kukaa bure. Mama akawa anachambua kwa kushoto na kuutikisa ungo. Na mtu aliyeishi Maganzo akishika kitu cha kutikisa, huimba hata kama amenuna. *Chekecha mayu, chekecha.* Polepole, kama zamani. Mimi nilikuwa nafuta meza ya TV, nikiwa bado nina hasira. Paka alikuwa amebaki kwenye kioo akisubiri. Kwa ukorofi tu, ili nimchokoze mama, nikafungua sauti na kubonyeza kuanza.

Muziki ukatoka. Nikaimba nao. Nilipofika "jiwe baki" nikahisi kama mtu ananivuta mkono barabarani. Nilipofika "la kwangu lisichoke," muziki ulikuwa umeshamaliza mzunguko, umeanza upya.

Nikarudia. Nikamwita wifi aje abonyeze kuanza yeye, mimi nibaki na kuimba tu. Nikaimba kwa sauti kubwa, kifua chote. Mashine ikaniacha tena palepale.

"Mama," nilisema, "hebu imba na mimi."

"Sitaki mchezo."

"Si mchezo. Imba tu."

Tukaimba wawili, yeye akiutikisa ungo, mimi nikipiga meza. Sauti zetu zilikwenda pamoja kama miguu ya mtu mmoja, na muziki wa paka ukatupita sote, ukatuacha katikati ya mstari wa mwisho. Mama aliacha kutikisa ungo.

"Huyu ana haraka ya kwenda wapi?" aliuliza.

Mimi kinywa changu hakijapata kiharusi. Miguu yangu mizima, kichwa changu kizima, nafundisha watoto milinganyo, na mashine iliniacha vilevile ilivyomwacha yeye. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilikuwa nataka kucheka na kupiga mtu.

Nilirudi kwenye simu, safari hii nikijua ninachotafuta. Jambo lenyewe ni rahisi ukishaelezwa. TV za zamani za Japani na Marekani zilibadilisha picha mara sitini kwa sekunde. Za kwetu, kama za Ulaya, mara hamsini. Gemu lilihesabu mwendo wake kwa picha, kwa hiyo gemu lililotungwa kwa sitini likiletwa kwenye hamsini linatembea taratibu, muziki na paka pamoja. Hii mashine ndogo ilitengenezwa na watu makini, waliotaka paka akimbie kama alivyotungwa. Huko mtandaoni wanaojua mambo wanalaani zile za hamsini, wanasema ni gemu la konokono, ni uchafu, eti aliyekua nazo alidhulumiwa.

Na sisi Maganzo nzima tulikua na konokono, tukamtungia wimbo, tukachekechea almasi kwa mwendo wake. Hakuna aliyetuambia kwamba paka wetu anachechemea. Tulidhani ndivyo paka wanavyokimbia duniani kote. Nikiwafikiria wale mabroka na suruali zao zilizonyooka, wakijitamba kwamba mikono yao ni myepesi, nacheka peke yangu hadi leo. Lakini sikubali kwamba tulidhulumiwa. Paka yule aliyechechemea alinisomesha.

Mama naye, aliposema muziki unamchanganya, alikuwa mzima kabisa. Muziki ulikuwa unamwambia kitu kimoja na kumbukumbu kitu kingine. Tulipozima sauti akafuata kumbukumbu, akaruka kwenye neno lake, sahihi kabisa, kwa paka ambaye alishapita. Mapengo ya mwanzo aliweza kuvuka kwa kuwa mwanzoni tofauti ni ndogo. Mwalimu wa hisabati alipaswa kuliona hilo mapema, lakini mwalimu wa hisabati alikuwa ana shughuli ya kununa.

Nawashukuru hao watengenezaji, popote walipo. Wangeweza kutudharau sisi wa hamsini wakatufungia mlango. Hawakufanya hivyo. Ndani kabisa ya mipangilio, baada ya lugha, baada ya rangi za pembeni, kulikuwa na sehemu ndogo ya kuchagua sitini au hamsini. Nilichagua hamsini. Mashine ikajizima, ikawaka upya.

"Usiniambie tena nani mgonjwa," mama alisema nilipomwekea rimoti. "Cheza muziki nisikie."

Nikafungua sauti. Akasikiliza mzunguko mzima bila kugusa kitu, kichwa kimeinama upande. Alipofika mwisho wa wimbo, muziki nao ukafika. Akatabasamu upande mmoja wa uso, ule unaotabasamu vizuri.

"Huyu namjua," alisema. "Wabeja."

Hata Kisukuma cha kushukuru kilitoka. Kisha akacheza. Tuliimba watatu, wifi akifuata maneno kwa kubahatisha maana yeye ni wa Bariadi na hakuwahi kukanyaga kibanda chetu. Pengo la kwanza, kwenye "mayu," akavuka. Mbwa, kwenye "baki," akamruka. Paa la tatu alivuka vizuri, bila ukucha kugusa popote. Nilikuwa nimesimama kando ya TV, nimeshika mikono yangu kifuani kama mtu anayeswali. Sikuwahi kumwomba Mungu jambo dogo kama lile kwa nguvu namna ile. Paa la mwisho likaja, wimbo ukashuka, *la kwangu lisichoke njiani*, na nikaliona dole gumba la mama likianza kwenda chini. Lilianza kwa wakati. Lilifika baada ya wakati, kwa kitambo kidogo mno. Paka akagusa ukingo wa paa kwa miguu ya mbele, akateleza, akaanguka.

Wifi alinitazama. Mashine ilikuwa sahihi, TV ilikuwa sahihi, wimbo ulikuwa sahihi. Sikuwa na kitu kingine cha kutengeneza.

Mama aliliangalia dole lake. Alilinyanyua, akalikunja, akalinyoosha, akalikunja tena, bila kanga juu yake. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kibandani ambacho kilikuwa kikisikika mpaka barabarani.

"Hilo langu," alisema. "Mmeliona? Yale mengine yote yalikuwa ya mashine. Hilo moja ni langu."

"Lilikuwa karibu sana, mama," wifi alisema.

"Usinipake mafuta, nimechelewa. La kwangu najua la kulifanya."

Nilianza kulia, waziwazi, kwa kushukuru, na sikujaribu kujificha. Kwa miezi yote ile tulikuwa tunamwambia utapona, utapona, na hakuamini, maana hakuwa anajua ni nini hasa kilichovunjika. Sasa alikuwa na kosa lake mwenyewe, dogo, linalopimika. Alilishika kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Akasogeza kiti mbele kwa mguu mzima, akalipangilia dole juu ya kitufe peke yake bila kumsubiri wifi.

"Wewe mwalimu," aliniambia, akibonyeza kuanza upya, "sogea huko ukalie pembeni, unaniziba."